Mbona mikono ya galaksi haijiviringi kama uzi?

Wale wa Mwanza mnajua, kipindi cha giza wavuvi wa dagaa wakishaingia ziwani na taa zao kule mbele kunakuwa kama kuna mji mwingine. Sasa juu ya hizo taa, upande wa kusini, kuna mji mwingine kweli, galaksi (yaani kundi kubwa mno la nyota na gesi) inayoitwa M83, iko kama miaka ya nuru milioni 15 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), mwanaanga Mfaransa Lacaille aliiona 1752 akiwa Afrika Kusini. Kwenye picha imekaa kama pangaboi linalozunguka, mikono imejikunja vizuri kabisa.

Hapo ndo swali linapokuja. Nyota za karibu na kati zinamaliza mzunguko mapema, za pembeni zinachelewa. Jua letu kwenye galaksi yetu linatumia kama miaka milioni 230 kumaliza raundi moja, na lina miaka bilioni 4.6, kwa hiyo limeshapiga karibu raundi 20. Kama mkono ungekuwa ni nyota zilezile zimeshikana, si ungeshajiviringa ukawa kama uzi kwenye kibiringo, usione hata mkono?

Jibu ni kwamba mkono ni foleni tu! Chukua lori la mawe linapanda mlima taratibu barabara ya Nyerere, nyuma daladala na bajaji zimejazana, moja inalipita inaondoka zake, nyingine inafika inanasa, ukirudi baada ya nusu saa foleni bado ipo na imesogea kidogo ila magari siyo yale uliyoyaacha. Mwaka 1964 wanasayansi Lin na Shu ndo walioiweka hii kwenye hesabu. Tofauti ni kwamba kule hakuna lori, uvutano wa huo msongamano wenyewe ndo unaochelewesha wanaopita. (Sio galaksi zote lakini, kuna ambazo mikono yake inavunjika na kujiunda upya.)

Na mimi kinachonifurahisha zaidi ni gesi. Ikiingia kwenye foleni inabanwa, zinazaliwa nyota mpya, na zile kubwa za bluu zinaishi miaka milioni chache tu, zinalipuka kabla hazijafika mbali, ndo maana mkono unang'aa kuliko nafasi iliyo kati ya mkono mmoja na mwingine. M83 tangu 1923 imeonekana na milipuko sita ya hivyo, wakati kwenye galaksi yetu wa mwisho kuonekana kwa macho matupu ulikuwa 1604, yaani wenzetu wana fujo balaa.

Ukitaka kuitafuta, mwezi wa 5 au wa 6 kuanzia saa tatu usiku, uwe na darubini hata ile ndogo ya macho mawili, maana kwa macho tu huipati. Utaona kaukungu kadogo tu, usitegemee pangaboi. Na kama uko kwenye mtumbwi omba wazime taa kwanza, macho yanataka kama dakika 20 kuzoea giza, ila sijui kama wenye dagaa watakuelewa.