Kisukari na safari ya Serengeti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisema una kisukari na unataka kwenda Serengeti kwa gari, utapewa ushauri mwingi, nyumbani, kijiweni na hata ndani ya gari lenyewe, na sehemu kubwa yake si kweli. Wengine watakwambia usiende kabisa. Hao wasikupotezee muda: kama sukari yako inafuatiliwa na daktari wako anajua unakokwenda, nenda. Linalonitia wasiwasi ni yale yanayoaminiwa na watu ambao wameshapanda gari.

"Insulini lazima ilale kwenye barafu"

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana safi kama mwanzo. Utajidunga, na sukari itaendelea kupanda. Sasa tazama deli la safari linavyopangwa: chupa za maji chini, soda juu yake, mabonge ya barafu yanamwagwa katikati, kisha mfuko wa dawa unachomekwa popote penye nafasi. Kichupa kinachogusana na barafu kutwa nzima kinaweza kuganda bila mtu kujua. Kikunje kwenye taulo kavu kwanza, ukiweke mbali na barafu.

Kichupa au kalamu unayoitumia sasa haihitaji barafu hata kidogo. Kwa kawaida watengenezaji huelekeza isizidi nyuzijoto 30, kwa takriban wiki 4. Soma karatasi ya insulini yako. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Insulini zilizopitishwa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 zilibaki na nguvu. Hata hivyo hiyo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi. Gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 50. Dawa ikae kwenye begi la mkononi, upande usiopigwa na jua, na ukishuka, shuka nayo.

"Usinywe maji, utatusimamisha njiani"

Hili husemwa kwa utani, na mgonjwa hulitii kwa aibu. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na ukishapita geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, unaanza vumbi na mtikisiko. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka ovyo kuchimba dawa, kwa hiyo watu hufunga midomo tangu asubuhi. Lakini sukari ikipanda, figo huitoa kwa mkojo, na maji huondoka nayo. Asiyekunywa hukauka, na damu iliyopungukiwa maji husoma sukari ya juu zaidi. Kunywa. Mwambie dereva kabla hamjaondoka kwamba utahitaji choo. Anajua vilipo, kwenye geti la Naabi Hill la kuingilia Serengeti na kwenye maeneo ya kulia chakula. Dereva aliyeambiwa mapema hupanga safari yake vizuri.

"Umekaa tu kwenye kiti, sukari haiwezi kushuka"

Kukaa kutwa bila kutembea huelekea kuipandisha, ni kweli. Ila mkikuta simba wamelala kando ya barabara, chakula cha mchana cha saa saba huliwa saa tisa. Aliyechoma insulini asubuhi, au aliyemeza glibenklamidi, kidonge kinachosukuma mwili kutoa insulini, hapo yuko hatarini. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake mara chache hushusha sukari kiasi hicho. Fungua boksi lako la chakula mapema: paja la kuku, yai, kipande cha keki, ndizi, pakiti ya juisi. Juisi usiinywe kwa sababu tu umepewa. Ifiche, hiyo ni dawa yako ya dharura.

"Anatetemeka, ni baridi ya Ngorongoro"

Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi watu wote wanatetemeka. Ila kutetemeka kwenye jasho, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu au maneno yasiyoeleweka, hiyo ipimwe. Chini ya 3.9 mmol/L ni sukari iliyoshuka. Gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, kisha ule. Chokoleti haifai kwa haraka hiyo, mafuta yake huichelewesha.

"Mashine haidanganyi"

Mashine ya kupima sukari inadanganywa. Ukimenya ndizi nyekundu pale Mto wa Mbu kisha ukajitoboa kidole hichohicho, inasoma na sukari ya tunda. Ukichoma insulini kwa kufuata namba hiyo, umejishusha mwenyewe. Nawa kwa maji na sabuni, ukaushe. Mashine na vipimo vyake navyo havipendi baridi kali wala joto la dashibodi.

Miguu nayo: usivue viatu garini kama ganzi imeshaanza. Sakafu ya gari hupata moto na hutausikia.

"Akizimia, mmiminie soda mdomoni"

Hapana, atapaliwa. Mlazeni ubavu, msimpe chochote cha kumeza, mchomeni glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, kama anayo na mmefundishwa. Dereva atumie redio ya gari mara moja kuuliza kituo cha afya kilicho karibu na kuwaita magari mengine. Kwa hiyo kabla ya kupita getini, angalau watu wawili ndani ya gari wajue kwamba una kisukari, dawa iko begi gani, na juisi umeiweka wapi.