Saruji Haiimarishi Nyumba ya Mawe ya Mji Mkongwe

Karibu kila mwenye nyumba anayeniita kutazama kuta zake Mji Mkongwe, Zanzibar, huniambia kwamba chokaa imeshindwa kazi na kwamba safari hii atapiga lipu ya saruji ili nyumba iwe imara. Hakuna dhana inayoyaumiza majumba haya kuliko hiyo.

Ukuta wa kale, ambao kwa kawaida una unene wa nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, wala msingi wake hauna tabaka la kuzuia unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupumulia kwenye chokaa. Yakikuta saruji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo huganda na kulimega jiwe. Gonga lipu ya saruji iliyokwisha kukaa miaka michache na utasikia uwazi nyuma yake; ibandue, na udongo uliolowa utakumwagikia mkononi. Katika unyevu huohuo ndimo zilimolala ncha za boriti za mikoko, nazo huoza bila mtu kuziona mpaka sakafu ya juu ianze kulegea.

Chokaa inataka subira: iroweshwe kwa majuma kadhaa, ipigwe kwa matabaka membamba, na ukuta unyunyiziwe maji, kwa kuwa hugandishwa polepole na hewa ukaa. Fundi anayeahidi kumaliza kwa siku tatu, mnyime kazi. Na kabla ya lipu yoyote, fedha ya kwanza iende kwenye paa na mifereji ya maji ya mvua. Hili silichoki kulisema.

Si kweli kwamba dari ya boriti haina budi kubadilishwa kwa zege. Mara nyingi boriti chache tu ndizo zilizooza, nazo hubadilishwa mojamoja, ilhali zege huongeza uzito ambao ukuta haukukusudiwa kuubeba, na nondo zake hushika kutu kwa hewa ya bahari.

Anayetaka kubomoa ukuta wa ndani apate sebule pana akumbuke kwamba wembamba wa vyumba ulitokana na urefu wa boriti, na kwamba ukuta huo umebeba sakafu.

Choo cha kisasa ghorofani kinawezekana kabisa, mradi vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine na mabomba yapite nje ya ukuta, mahali ambapo uvujaji utaonekana siku hiyohiyo.