Lulu na maneno "pambo la kike"

Tangu mwimbaji Mwingereza Harry Styles atokee kwenye Met Gala ya 2019, hafla ya mitindo ya New York, na hereni moja ya lulu, kila mwanamume maarufu akivaa lulu maneno huwa yaleyale: amevaa pambo la kike. Nimeyasikia mno, na yanapotosha.

Pambo la kike ni pambo ambalo jamii fulani, kwa wakati fulani, imewaachia wanawake. Watu husahau hapo kwenye "wakati fulani", wakachanganya pambo la jinsia na pambo la cheo. Lulu kwa karne nyingi ilikuwa ya cheo. Wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi walishuka kilindini kwa pumzi zao tu, na chaza wengi, viumbe wa baharini ambamo lulu hukua, walipasuliwa bila kukutwa na kitu. Aliyeimudu alikuwa na mali au mamlaka, na mara nyingi huyo alikuwa mwanamume.

Mwaka 1614 Jahangir, mfalme wa Dola ya Mughal huko India, alipona maradhi, akatoboa masikio na kuvaa lulu kwa shukrani kwa walii Muinuddin Chishti wa Ajmer. Wakuu wa baraza lake nao wakatoboa. Uingereza, mfalme Charles wa Kwanza alining'iniza lulu sikio la kushoto, na alikuwa nayo hata siku aliyokatwa kichwa, 30 Januari 1649. Karne ya 20 ilipoingia, Bhupinder Singh, maharaja (mtawala) wa Patiala huko India, bado alipigwa picha lulu zimemjaa kifuani.

Kilichobadilika ni mavazi ya Ulaya. Kufikia karne ya 19 mwanamume wa heshima alivaa suti nyeusi na vito akaviweka kando. Hata hapo lulu hakuitupa: aliihamishia kwenye pini ya tai na vifungo vya shati. Kisha Mjapani Mikimoto Kokichi, mwaka 1893, akapata lulu za nusu duara kwa kufuga chaza. Lulu za kufugwa zilipoenea bei ilishuka, mkufu ukawafikia wanawake wasio wa ikulu, na picha hiyo ndiyo tuliyobaki nayo vichwani.

Kwa hiyo mtu akisema lulu haimpendezi kijana fulani, hayo ni maoni yake. Akisema siku hizi huvaliwa zaidi na wanawake, ni kweli. Ila akisema "pambo la kike", naomba tu ataje ni wapi na lini.