Turubai, spika na mgeni rasmi: dhana potofu kuhusu programu za maktaba

Programu, yaani shughuli ambayo maktaba inawaandalia watu, ikitajwa kwenye kikao cha maktaba, watu wanakimbilia bajeti. Turubai, spika, maji ya chupa, mgeni rasmi. Nami nimo. Nilipokuwa mgeni kazini, kwenye maktaba nisiyoitaja, niliandaa siku ya usomaji ya namna hiyo. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, watoto wakanywa soda wakaenda zao. Hakuna aliyeazima hata kitabu kimoja.

Dhana: Bila fedha hakuna programu.

Ukweli: Kinachotangulia ni swali. Mtu akitoka hapa, ataweza nini ambacho alipoingia hakukiweza? Ukishindwa kulijibu kwa sentensi moja, hata ukipewa milioni kumi utazimalizia kwenye turubai.

Chukua bahasha ya dawa. Hapa Tanga, ukibisha hodi nyumba yoyote ya Ngamiani hutaikosa, ile ndogo ya karatasi iliyoandikwa "1x3" kwa kalamu. Yupo anayeisoma kuwa ni kidonge kimoja kwa siku tatu. Yupo anayemeza vyote vitatu jioni kwa kuwa mchana alisahau. Programu yake ni ya saa moja: bahasha tupu ishirini, muuguzi aliyekubali kuja, na vitabu vya afya vilivyotolewa kwenye rafu vikawekwa palepale mezani.

"Shikamoo bibi. Hapa pameandikwaje?"

"Marahaba. Kimoja, mara tatu kwa siku."

"Sasa ukianza saa kumi na mbili asubuhi?"

Bibi anahesabu kwa vidole, anarudia, halafu anasema: saa nane mchana, saa nne usiku. Lengo limetimia, tena umeliona kwa macho yako. Tarehe ya dawa kuisha muda ingoje wiki ijayo. Ukirundika mambo matano ndani ya saa moja, watu wataondoka na nusunusu ya kila kitu.

Dhana: Ukumbi ukijaa, mambo yamekwenda vizuri.

Ukweli: Soda nayo hujaza ukumbi. Hesabu waliorudi wiki ya pili, na vitabu vilivyotoka siku ile. Watu kumi na wawili wanaorudi wananipa usingizi mzuri kuliko mia mbili waliokuja kupiga picha.

Dhana: Maktaba ni ya wanafunzi, na ni mahali pa kunyamaza.

Ukweli: Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma ilitoka 1949, na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, pamoja na UNESCO waliipitia upya 2022. Inataka huduma kwa watu wote, wa rika zote. Mkutubi Ranganathan wa India aliliweka kwa ufupi zaidi mwaka 1931: vitabu ni vya kutumiwa. Kimya kina saa zake na mazungumzo yana saa zake. Bandika ratiba mlangoni, yaishe.

Kazi ipo kwenye kupanga muda. Ukiwaita wavuvi wa Deep Sea, mwalo wa hapa Tanga, kuja kujifunza kusoma utabiri wa upepo wa kusi wakati vyombo vinaingia na samaki, utaongea na viti. Mama wa mandazi usimwite alfajiri. Mwezi wa Ramadhani, usithubutu kupanga kitu cha kukaribiana na futari. Ratiba ya mtaa unaipata kwa kukaa barazani na kuuliza, na kuuliza hakuna risiti.

Dhana: Programu ni kazi ya waliosomea.

Ukweli: Nusu yake kweli. Chuo cha ukutubi kipo Bagamoyo tangu 1989, na kupanga rafu kunataka ujuzi. Lakini aliyesomea si lazima awe ndiye anayetega kitendawili. Mtaani hakukosi bibi atakayewaambia watoto "Kitendawili!" wakaitika "Tega!" hadi mlinzi akachungulia. Kazi ya mkutubi siku hiyo ni kuwa na vitabu vya hadithi karibu, na daftari la kuazimia likiwa wazi.

Na kama mgeni rasmi hakwepeki, basi naye apewe bahasha yake asome.