Maji ndiyo tambarare, njia siyo

Juzi nimeandikiwa tena. "Mkuu, kundi letu halitaki milima, tupangie njia ya kuzunguka ziwa." Nikamuuliza ni wapi alikoona njia ya ziwa isiyo na milima. Akanijibu kwa uhakika kabisa: maji hayapandi mlima, kwa hiyo barabara inayofuata maji nayo haipandi. Tena wameomba njia ya msituni isiyo na magari, basi itakuwa ya kunyoosha miguu tu.

Kazi yangu ni kupanga njia za baiskeli za changarawe na kuwaongoza watu humo, na imani hii nimeshaijibu kwa simu na kwa ujumbe mara nyingi mno. Safari hii naijibu kwa kirefu. Wanaoiamini si wavivu. Wanafika na gia za lami, chupa moja ya maji, na ratiba iliyopigiwa hesabu ya kilomita 25 kwa saa. Ikifika kilomita ya 60 wanasukuma baiskeli kwa mikono na kujilaumu kwamba hawakufanya mazoezi. Mazoezi wamefanya. Hawakuambiwa tu ardhi wanayoingia ikoje.

Uso wa ziwa ni tambarare kweli, lakini hakuna anayeendesha juu yake. Barabara inapita ukingoni, na ukingoni ndiko vijito vyote vya eneo lile vinakoishia. Kijito hakiambai ukingo, kinaukata. Wewe ndiye unayeambaa. Kwa hiyo kila kijito ni bonde utakaloshuka mpaka kwenye kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kisha upande ng'ambo ya pili. Kati ya bonde na bonde kuna rasi inayoingia majini, na barabara haiwezi kuizunguka kila rasi, ingerefuka mara mbili au tatu. Inakatiza juu ya mgongo wake. Basi siku nzima inakuwa hivyo: shuka, kalvati, panda, mgongo, shuka. Mita 10, mita 15, mita 8. Hakuna hata kimoja utakachokiita mlima, na ndiyo maana hakuna anayevihesabu.

Mimi navihesabu. Mwendeshaji, baiskeli na mizigo, tuseme kilo 85 kwa pamoja. Kuinua uzito huo mita 10 ni kilojuli 8.3, kitu kidogo sana. Vipande kama hivyo 60 kwa siku, idadi ya kawaida kabisa kwenye nchi ya maziwa, vinafanya mita 600 na kilojuli 500 zilizopita kwenye pedali. Misuli inageuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo mwili umelipa kama kilokalori 480 kwa kupanda peke yake, na bado hujalipia upepo wala changarawe.

Hapo ndipo ninapoambiwa: "Lakini kila unachopanda utakishuka, zinafutana." Hapana, hazifutani!

Chukua kilomita 5 za kupanda kwa mwendo wa 10 kwa saa na kilomita 5 za kushuka kwa mwendo wa 40. Wengi watakuambia wastani ni 25. Kupanda kumekula dakika 30 na kushuka dakika saba na nusu, kilomita 10 kwa dakika 37 na nusu, na huo ni mwendo wa 16 kwa saa. Muda wako mwingi unaishi kwenye mpando. Hiyo ni hesabu tu. Kwenye changarawe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hizo 40 hutazipata. Upinzani wa hewa unaongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ulichokiweka akiba kule juu inaliwa na upepo. Kinachobaki unakila mwenyewe kwa breki, kwa kuwa chini ya mteremko wa msituni kuna kona, kwenye kona kuna kalvati, na pembeni ya kalvati kuna mchanga na kokoto ambazo maji ya mvua yamezisomba na kuzimwaga pale pale unapotaka kugeuka. Ukifika chini umeshapunguza mpaka 15, na mpando unaofuata unauanza karibu na sifuri. Barabarani kwenye lami mtu anauachia mteremko umrushe mpaka nusu ya mlima unaofuata. Msituni zawadi hiyo huipati, au unaipata mara moja kati ya tano. Jambo hili naona linapuuzwa na hata waandishi wa miongozo, wanaojumlisha mita za kupanda kana kwamba mita 600 za mlima mmoja mrefu ni sawa na mita 600 za vipande 60. Kwenye mlima mrefu unatafuta mwendo wako, unapumua kwa mpangilio, unatulia. Kwenye vipande 60 unabadilisha gia mara mamia, na kila baada ya dakika mbili mwili unaulizwa swali jipya.

Sasa kuhusu kutokuwepo kwa magari. Jiulize kwa nini magari hayapo. Wahandisi walipopitisha barabara kuu, walichagua mstari ulio rahisi kuliko yote. Palipoinuka walikata, palipodidimia walijaza. Reli ilifanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi, maana treni haipendi mwinuko unaozidi asilimia 2 au hapo, yaani mita 2 za kupanda kwa kila mita 100. Mstari laini kandokando ya ziwa, kama upo, umeshachukuliwa siku nyingi. Sisi tunaotaka ukimya tunaendesha kwenye mabaki: njia za magogo, njia za kwenda mashambani, njia za vibanda vya wavuvi. Hizo zilifuata ardhi ilivyo. Njia inayopitisha lori la magogo bado ina adabu kidogo, lakini vile vipande vya kuunganisha, vya trekta au vya miguu, hapo utakutana na asilimia 12 na zaidi. Ukibahatika kupata reli iliyong'olewa na kugeuzwa njia ya baiskeli, shukuru. Hiyo ndiyo njia pekee ya ziwani ambayo naweza kuiita tambarare bila kusita.

Kuna na hili la njia za msitu kuwa kama matawi ya mti. Zinatoka barabara kuu, zinagawanyika, zinafika kwenye magogo na kuishia kwenye uwanja mdogo wa lori kugeuzia. Hazikujengwa zizunguke ziwa. Kuunganisha ncha ya tawi moja na ncha ya jingine ndiyo kazi inayonila siku tatu mezani na mbili msituni, na mara nyingi kiunganishi ni mita 400 za kubeba baiskeli begani. Ramani haikuambii hilo.

Nimesema kila ukingo una vijito, lakini pande za ziwa hazifanani, na hapa ndipo penye utamu. Maziwa mengi ya nchi za misitu ya kaskazini yalichongwa na barafu nene iliyofunika nchi hizo zamani za kale. Finland, yenye maziwa 187,888 ukihesabu yote yanayozidi mita za mraba 500, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Barafu ilisogea kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, ikakwangua mwamba kwa mwelekeo huo, na leo maziwa yamelala hivyo, ghuba zimelala hivyo, na migongo ya mchanga na kokoto iliyoachwa na mito iliyokuwa ikipita chini ya barafu nayo imelala hivyo. Ukiendesha sambamba na mwendo wa ile barafu, unateleza kwenye mifereji na juu ya migongo. Punkaharju, huko huko Finland, katikati ya maji ya ziwa Saimaa, ni mgongo wa namna hiyo, mwembamba, una maji kulia na kushoto, na unapitika vizuri ajabu. Ukigeuka ukauvuka mwelekeo ule, kila mgongo unakupiga ubavuni. Mzunguko mmoja wa ziwa unakuwa na pande mbili ndefu za raha na ncha mbili fupi za mateso, na wastani wa mzunguko mzima haukuambii lolote kuhusu hizo ncha.

Kabla ya kupanga natafuta mwelekeo huo kwanza. Naangalia ramani kwa mbali, sioni barabara, naona tu maji yamechanwa kama kwa kitana. Kisha nasogea karibu na kuhesabu mistari ya buluu inayokata njia yangu. Kila mstari wa buluu ni bonde. Njia yangu hiyo ya kizamani naiamini kuliko tarakimu ya programu yoyote.

Tarakimu hizo ni lazima niziseme, kwa sababu watu wananiletea kama ushahidi. "Programu imesema mita 310 za kupanda." Nyingine kwa njia ile ile imesema 540. Iliyo kweli ni ipi? Kwa miaka mingi nilijibu kwamba chombo chenye barometa, kinachokisia mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa, ndicho kinachosema kweli. Siku hizi sijibu kwa wepesi huo. Ramani nyingi za mwinuko zina asili yake katika vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka angani mwezi Februari mwaka 2000, na rada ile haikuona udongo wa msitu vizuri, iliona vilele na matawi. Penye msitu mrefu uliopakana na eneo lililokatwa, data inachora mlima usiokuwepo. Wakati huo huo kila kisanduku cha data ni cha mita 30 au 90, kwa hiyo bonde jembamba la kijito linasawazishwa na kutoweka. Kosa la kwanza linaongeza, la pili linapunguza, na sijui msituni kwako ni lipi limeshinda. Barometa nayo inasoma hewa: mgandamizo ukibadilika kwa hektopaskali 1 tu, chombo kinaona umepanda au umeshuka mita 8 hivi, na kando ya ziwa kubwa hewa haitulii.

Chini ya hayo kuna tatizo lisilo la chombo kabisa. Mnamo 1967 mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, akitumia kazi ya mwanasayansi Lewis Fry Richardson, na jibu ni kwamba inategemea rula: rula ikifupishwa, pwani inarefuka. Ukingo wa ziwa lililochongwa na barafu ni vivyo hivyo, na mita za kupanda pia ni vivyo hivyo. Ukihesabu kila kigongo cha nusu mita, jumla inapaa. Ukipuuza kila kilicho chini ya mita 5, inaporomoka. Hakuna jumla moja iliyo ya kweli inayosubiri kupatikana. Kwa hiyo ninapomwambia mtu "mita 12 kwa kila kilomita, jiandae," ni hukumu yangu niliyoijenga kwa kupita kwenye njia zenyewe, na imeshawahi kunikosesha.

Vifaa nitavipitia haraka. Tairi la milimita 45, upepo usiwe mwingi. Gia: meno ya nyuma yawe mengi kuliko ya mbele kwenye gia yako nyepesi, hilo halina mjadala. Kwenye mpando wa asilimia 12, kwa mwendo wa 8, yule mtu wa kilo 85 anahitaji wati 250 hivi. Akiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma atazungusha pedali mara 50 kwa dakika, na kwenye kokoto hawezi kusimama juu ya pedali kujisaidia, maana uzito ukitoka tairi la nyuma linazunguka bure. Maji beba mengi. Kilomita 25 kwa saa ifute, andika 15.

Lililobaki ni upande wa kuanzia, na hapo sijatulia. Zamani nilianza na pande ndefu ili watu wapate moto taratibu. Kisha nikageuza, ncha ngumu zaidi ije asubuhi wakiwa na nguvu. Lakini asubuhi njia bado zina umande, mizizi inateleza, na nimeona watu wawili wakianguka mahali ambapo alasiri hawaanguki. Kundi lililoniandikia juzi nimelipangia lianze na upande mrefu wa mashariki, livuke ncha ya kusini saa tano jua likiwa limekausha njia. Kwenye ile ncha kuna mistari ya buluu 14 ndani ya kilomita 9. Nimewatumia ramani nikiwa nimeizungushia kila mmoja duara jekundu.