Je, wajua mbegu hufa bila kubadilika sura?

Kunde za msimu wa juzi zimo kwenye kopo, zinang'aa, hazijabunguliwa. Zitaota? Kwa macho huwezi kujua. Ndani ya mbegu kavu kuna kiinitete kilicho hai, na kadiri miaka inavyopita chembe zake huchakaa. Joto na unyevu ndivyo huharakisha uchakavu huo. Wataalamu wana kanuni yao: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la mahali inapotunzwa likishuka kwa nyuzi 5, maisha yake huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo hewa kavu ya Dodoma inatusaidia, ila kopo lililowekwa chini ya bati la moto linaharibu faida yote. Aina nazo hazilingani. Mbegu ya kitunguu huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, ya nyanya hufika minne au zaidi.

Wengi hutumbukiza mbegu kwenye maji, zinazoelea wakazitupa. Mimi siiamini sana njia hiyo. Hukamata mbegu tupu na zilizobunguliwa. Iliyokufa kwa uzee huzama vizuri tu.

Afadhali uoteshe. Chukua mbegu 20 bila kuchagua, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikunje, kiweke kwenye chombo chenye kifuniko, kivulini. Kunde hazichukui siku nyingi. Kitunguu kipe siku kama 10.

Zikiota 12, hiyo ni asilimia 60. Ukipanda mbegu 2 kila shimo, katika mashimo 100 karibu 16 yatabaki matupu. Ukiweka 3, matupu ni kama 6. Na shambani ni kugumu kuliko kitambaani, basi ongeza kidogo. Zisipofika nusu, nunua nyingine.

Zilizoota usizitupe. Zipande mzizi ukiwa bado mfupi, kabla haujajishika kwenye nyuzi za kitambaa. Shika mbegu yenyewe, mzizi uelekee chini. Lakini ziende kwenye bustani unayomwagilia tu. Mbegu kavu ukiipanda kwenye vumbi kabla ya mvua za Desemba, inaweza kusubiri. Iliyokwisha kutoa mzizi haistahimili tena kukauka, jua la siku moja linaimaliza. Jaribio lenyewe lifanyike Oktoba au mapema Novemba, ili ukihitaji kununua nyingine uwahi kabla foleni haijaanza kwenye maduka ya pembejeo.