Mofu iliyothibitishwa: maana yake kwa wafugaji wa chatu

Mofu ni rangi au mchoro wa ngozi ambao si wa kawaida na ambao nyoka anaurithisha kwa watoto wake. Uzito wa maana hiyo uko kwenye kurithisha. Nyoka anaweza kuanguliwa na mabaka ya ajabu, akashangaza kila anayemwona, na bado asiwe mofu kwa kuwa uzao wake wote unatoka wa kawaida. Mpaka watoto waonekane, huyo ni nyoka mwenye sura ngeni tu, na anayemuuza kwa jina jipya na bei ya mofu anauza kitu asicho na uhakika nacho.

Chatu wa habari hii si yule mkubwa wa kwetu anayemeza swala. Ni Python regius, chatu mfupi anayepatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda, ambaye akitishwa hujiviringisha na kuficha kichwa katikati. Ghana, Togo na Benin zimeuza wengi sana nje, hasa Marekani na Ulaya. Kwa kawaida ni wa kahawia iliyokolea na mabaka ya kahawia hafifu, lakini katika waliokamatwa porini hutokea mmoja mmoja wa rangi nyingine. Albino alianzia hivyo: Bob Clark wa Marekani alipata makinda albino mwaka 1992. Mwaka 1997 Pete Kahl naye akathibitisha wale wenye mabaka meupe yasiyo na rangi kabisa. Nyoka wa kwanza alikuwa amekwisha kuonekana kabla ya hapo. Kilichokuwa kinasubiriwa ni watoto.

Kabla ya kupandisha, mfugaji makini huondoa kwanza sababu ambazo si za kurithi. Mayai huatamiwa kwenye joto la nyuzi 31 hadi 32 hivi kwa siku 55 hadi 60, na joto likipanda au kushuka vibaya, makinda huweza kutoka na michoro iliyovurugika. Kovu la kuungua hubadili rangi. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia kwa siku kadhaa. Wapo pia wenye kipande kimoja cha mwili chenye rangi tofauti kabisa na mwili uliobaki. Hao hupendeza sana, lakini mara nyingi kipande hicho hakirithiwi.

Baada ya hapo ndipo nyoka huyo hupandishwa na wa kawaida asiye wa ukoo wake. Anayefuga kuku wa kienyeji ameona jambo hili kwa macho yake: jogoo kishingo aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja akipanda mitetea ya kawaida, karibu nusu ya vifaranga hutoka shingo wazi. Jeni ya namna hiyo hujitokeza katika uzao wa kwanza. Tuseme jike ametaga mayai sita, ambayo ni idadi ya kawaida kwa chatu huyu. Kama sura ile inatokana na jeni ya aina hiyo, uwezekano wa makinda yote sita kukosa sura hiyo ni 1 kati ya 64. Makinda yakitoka mchanganyiko, jibu limepatikana mapema.

Yakitoka yote ya kawaida, kazi bado. Huenda jeni ni fichi, yaani rangi huonekana pale tu kinda anapoirithi kwa baba na kwa mama. Basi makinda yale ya kawaida yote ni wabebaji, yaani wana jeni hiyo bila kuionyesha. Majike hulelewa mpaka wakomae, jambo linalochukua takriban miaka mitatu, kisha, ikiwa yule mwenye rangi ngeni ni dume, hupandishwa naye, baba yao. Hapo nusu ya mayai inatarajiwa kutoa rangi ngeni. Mayai 12 yakianguliwa bila hata kinda mmoja wa rangi hiyo, uwezekano kwamba ni bahati mbaya tu ni 1 kati ya 4,096, na ni haki kuacha kuiita mofu. Ukipandisha kaka na dada, wote wabebaji, ni robo tu inayotarajiwa, na mayai sita huweza kukunyima kabisa karibu mara 18 katika kila 100. Wengi hukata tamaa hapo, mapema mno.

Kumbukumbu za upandishaji ni sehemu ya ushahidi. Chatu jike huweza kutunza mbegu za dume kwa miezi mingi, na imewahi kuthibitishwa kwamba anaweza kuzaa bila dume kabisa. Bila daftari, baba wa makinda ni wa kukisia.

Swali linalofuata ni kama mofu ni mpya kweli. Kufanana hakutoshi: kuna koo kadhaa za chatu wasio na manjano, na ukipandisha wa koo mbili tofauti unaweza kupata makinda ya kawaida matupu, kwa sababu jeni zao si moja. Kinyume chake, mofu za Mojave na Lesser zina majina mawili, lakini ukizikutanisha hupatikana chatu mweupe mwenye macho ya buluu, kwa kuwa ni sura mbili za jeni ileile.

Mimi ningeongeza afya katika uthibitisho. Mofu ya Spider ilithibitishwa mwaka 1999 na kuenea kwa kasi kwa uzuri wake, ilhali jeni hiyohiyo huambatana na kasoro ya sikio la ndani inayomfanya nyoka atikise kichwa na kupoteza mizani. Rangi inaporithiwa, na mateso yanarithiwa.

Siku hizi gamba lililovuliwa huweza kupimwa maabara kujua kama nyoka ni mbebaji. Kipimo hicho hutafuta jeni zilizokwisha kutambuliwa, kama ile ya albino. Kwa rangi ambayo jeni yake haijatambuliwa bado, mfugaji anabaki na mayai yake na daftari lake.